Jezi Namba Nne

Mimi ndiye ninayefua jezi za timu yetu, na nasema mapema kabisa: nilikataa. Nilikataa mbele ya kaka yangu, ambaye ndiye kocha, na mbele ya mama pia, nikaonekana nina mdomo.

Timu yetu ilizaliwa kiwanda cha mbao. Waliianzisha wapasua mbao wenyewe, na baba alikuwa beki wao, namba nne. Jumamosi moja tanuri la kukaushia mbao lilishika moto yeye akiwa ndani. Kesho yake wenzake waliingia uwanjani kumi, jezi yake wameifunga kwenye mwamba wa goli. Tangu hapo namba nne haijakosa mechi, inyeshe isinyeshe. Kiwanda kilishafungwa, hata mabati waliyang'oa, lakini timu ipo, na kila msimu mama huishona namba ile kwa mkono wake. Hakikubaki cha baba cha kuzika. Mama ana ile jezi tu.

Msimu huu ulituendea kombo. Kufikia mechi ya mwisho tulikuwa wa pili kutoka mkiani, na timu mbili za mkiani zinashuka daraja. Juu yetu ilikuwa timu ya madereva, pointi mbili mbele, nao walishamaliza mechi zao. Tukishinda, tunabaki. Vinginevyo kwaheri, kwa sababu mfadhili wetu alishasema hatafuata timu daraja la chini, na timu kama yetu ikikosa mfadhili inakufa.

Sasa, mvaaji wa namba nne, tunayemwita Nondo, alikuwa amekula kadi nyekundu mechi iliyotangulia. Amefungiwa. Mama akaingia chumba cha kubadilishia nguo na jezi mkononi, imepigwa pasi.

"Leo anaivaa nani?"

"Hakuna, mama," nikamjibu. "Namba nne imesajiliwa kwa jina la Nondo. Leo inabaki kwenye begi."

"Baba yako abaki kwenye begi?"

"Ndiyo kanuni, mama."

"Kanuni zilikuwa wapi baba yako anaungua?"

Kaka alimtazama mama, akanitazama mimi. Mtu mzima, kipara kimeshaanza, lakini mbele ya mama anakuwa mtoto wa chekechea. Akaichukua jezi, akamvalisha beki wa akiba.

"Nani atajua?" akaniambia.

Walijua. Tulishinda bao moja kwa bila, tukaruka juu ya madereva kwenye msimamo, mama akacheza mpaka viatu vikamtoka. Wiki haijaisha, madereva wakakata rufaa. Ripoti ya mwamuzi ilisema namba nne alicheza, na kwa usajili namba nne ni Nondo, aliyefungiwa. Tukapokwa ushindi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Msimamo mpya ulipobandikwa, madereva walikuwa juu ya mstari na sisi chini yake. Tulirudi nyumbani. Mama alikuwa sebuleni.

"Nasikia tumeshuka. Si tulishinda?"

Nikafungua mdomo. Kaka akaniwahi.

"Nilichezesha mtu asiyeruhusiwa, mama. Ni uzembe wangu."

 Mama akainuka, akaitoa jezi kwenye kapu la nguo safi, akaikunja.

"Baba yako aliianzisha timu hii," akasema. "Wewe umeiua. Usiiguse tena jezi yake."

"Sawa, mama."

Nilimfuata kaka nje, nimepandwa na hasira. "Kwa nini humwambii ukweli?"

"Nimwambie nini, dada? Kwamba jezi ya baba ndiyo iliyotushusha?" Akafuta uso kwa kiganja, akaondoka zake.

Nikarudi ndani nimeazimia kusema. Mama alikuwa ameketi, jezi mapajani, anausukuma uzi uliochomoza kwenye ile namba.

"Heri siku ile niliileta mwenyewe," akasema. "Siku ya mwisho ya timu, baba yako alikuwepo uwanjani. Hilo kaka yako hajaliharibu."

Na mimi, mwenye mdomo, nikasema, "Ndiyo, mama."