Fulana za Ukoo wa Heiwadi

Kwaru, kwaru, kwaru. Hata adhana ilikuwa bado, na jogoo wa jirani hajasafisha koo, nikasikia brashi ya viatu ukumbini. Nikajua mjukuu wangu Abel ameamka. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Matombo kumposea, na mtu mwenye jina kubwa kama lake hawezi kufika ukweni na viatu vyenye vumbi.

Nilikuwa nimelala kwake Mazimbu. Abel ana duka la kuchapisha na kutoa kopi karibu na chuo. Mwanafunzi akipungukiwa, humpa kazi yake aende nayo, atalipa akipata. Huo ndio moyo wake. Nausema mapema kwa sababu mengine nitakayoyasema hayatamsifu.

"Mume wangu," nikamwita kutoka kitandani, "hivyo viatu unavisugua au unavichubua?"

"Lala, Bibi. Bado mapema."

Punde akaniletea chai na mkate, na mkate ameukata maganda kwa sababu ya meno yangu. Halafu akafungua mfuko akatoa fulana, akaitandaza juu ya shuka.

"Unaionaje?"

Ilikuwa na picha ya ngao, na kila upande wa ngao mnyama amesimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, kama mbwa anayesubiri mfupa kwa mchoma nyama.

"Hawa mbwa ni wa nani?"

"Bibi! Ni simba. Hii ndiyo nembo ya ukoo wetu."

"Ukoo upi?"

"Hayward."

Yeye huandika hivyo. Mimi naandika kama midomo yangu inavyotamka: Heiwadi. Simba niliyewahi kumwona kwenye barabara ya Mikumi alikuwa amejilaza, hana haja na mtu, wala hakuna aliyeniambia kuwa yule ni simba. Hilo sikulisema. Nilikunywa chai yangu.

Nembo hiyo aliitoa kwenye mtandao. Alikuwa ameichapisha kwenye fulana tatu: yake, ya rafiki yake Amosi ambaye ndiye mshenga, na yangu. Nyingine ameitia kwenye fremu ya kioo ili awapelekee wakwe. Watu wanapeleka khanga na blanketi. Mume wangu anapeleka mbwa wawili kwenye kioo.

"Nakuomba kitu kimoja, Bibi," akasema. "Leo niache niongee mwenyewe. Wale wazee wanapenda kuuliza mambo ya kizamani. Mimi nimejiandaa."

"Yaani ninyamaze?"

"Si kunyamaza. Ukae tu."

Nikakubali kukaa tu. Kwa kweli hakutaka hata niende. Ni Jesca, mchumba wake, aliyempigia simu akamwambia, "Mke mwenzangu asipokuja, na mimi hamtanikuta." Msichana huyo ni muuguzi, na kila akipita Mazimbu hunipima presha bila kuombwa, kisha huninyoosha vidole vya miguu kimoja kimoja. Abel anampenda mpaka anasahau kula. Lakini Jesca alisema waziwazi: mjomba wake, Mzee Ignas, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Mjomba akikataa, yeye haolewi kwa nguvu.

Sasa niseme hilo jina lilivyokuja, maana mimi nililikuta likiwa bado bichi. Babu mzaa baba wa Abel aliitwa Lukwele. Alikuwa mpole, anayeweza kukupisha njia hata kama umebeba ungo mtupu. Ujana wake aliajiriwa na Mwingereza mmoja aliyekuwa na bustani ya viazi huko juu milimani. Mwingereza huyo aliona taabu kujifunza kutamka Lukwele. Wafanyakazi wake wote akawaita "boi". Watu wakiuliza, boi wa nani? Wa Heiwadi. Bwana akafunga mizigo akaenda kwao, hakuaga, hakuacha hata jembe. Kitu alichoacha ni jina, likamganda Lukwele kama kupe, na watoto wake wakaandikishwa shule nalo. Ndiyo hadithi yote. Hakuna simba ndani yake.

Tulifika Matombo jua likiwa limepanda. Jesca alinitolea kiti chenye egemeo, akakisogeza kwenye kivuli, akaniwekea maji karibu. Nilikaa na wanawake, nimejifunga khanga juu ya ile fulana, kwa hiyo simba hawakupata hewa. Amosi yake aliivaa wazi, na ilikuwa inambana tumboni, kwa hiyo simba wake walikuwa wanene kidogo.

Mzee Ignas ni mkulima wa mananasi, mwembamba, ana sauti ya kukwaruza. Salamu zilipokwisha, Amosi akaeleza tulichofuata, kwa maneno mazuri tu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Abel.

"Kijana, wewe ni lukolo gani?"

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Huo ndio lukolo. Wa lukolo mmoja ni ndugu, hawaoani. Kwa hiyo lile halikuwa swali la mapambo. Ndilo swali lenyewe. Mimi nilikuwa nimekwisha kumuuliza Jesca zamani, nikajua hakuna kizuizi. Ilibaki Abel afungue mdomo na kusema neno moja.

Akasimama. Akaiinua ile fremu.

"Sisi ni akina Hayward," akasema.

Kuku akapita katikati yetu, naye hakuharakisha.

"Akina nani?"

"Hayward, mjomba. Ni ukoo wa Uingereza, wa zamani sana. Uko kwenye maandishi ya miaka mingi. Na ni ukoo mkubwa. Wapo maelfu kwa maelfu, Uingereza kwenyewe, Marekani, mpaka Australia."

"Maelfu," alisema Mzee Ignas. "Na wote ni ndugu zako?"

"Ndiyo, kwa namna fulani."

"Vizuri. Mama yako alipofariki, walikuja wangapi?"

Abel akaishusha ile fremu. Binti yangu Tekla, mama yake, alizikwa siku ya mvua. Waliokuja walipanda mlima na matope mpaka magotini, na hakuna aliyekuwa ametoka Australia.

"Labda walikosa usafiri," akasema shangazi mmoja wa Jesca pembeni yangu. Wanawake wakafunika midomo kwa khanga.

Abel angeketi hapo, angejiokoa. Lakini jina kubwa halimruhusu mtu kuketi.

"Jina lina maana, mjomba. Maana yake ni mlinzi. Mlinzi wa mipaka."

"Mipaka ya nini?"

"Ya... ya eneo la mfalme."

Hapo Amosi akataka kumsaidia rafiki yake. Mungu atuepushe na marafiki wenye simu. Alikuwa ameupata mtandaoni ukurasa wenye habari za jina hilo, akausoma kwa sauti, akitafsiri polepole na kujivunia kila neno: "Zamani katika vijiji vya Uingereza, mtu huyu alikuwa akilinda ua wa mashamba, ili ng'ombe wasipenye kula mazao. Ng'ombe waliopotea, aliwakamata..."

Akasita. Alikuwa ameanza kuyasikia mwenyewe.

Mzee Ignas alikuna kidevu. "Ngoja nielewe. Alikuwa anafukuza ng'ombe shambani."

"Ni cheo, mzee," Amosi akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Sisi hapa nguruwe na ngedere tunawawekea watoto. Tunawapa debe wapige. Kumbe tungewachorea simba!" Akaielekezea kidole ile fremu. "Umekuja kuniomba mtoto, mwanangu, unaniambia babu wa mtu mwingine alikuwa mpiga debe. Mimi nimekuuliza mama yako ni nani."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga togwa. Jesca peke yake hakucheka. Aliinama akaokota kikombe kilichoanguka, na nikaona machozi yakimlengalenga.

Mtauliza, wewe bibi si ulikuwepo? Nilikuwepo, nimekaa tu, kama nilivyoombwa. Na maneno ya posa husemwa na wanaume. Mwanamke huongea akiulizwa. Hakuna aliyeniuliza.

Walitupa chakula, ndizi na maharage, chakula kizuri. Tulipoinuka, Mzee Ignas akatusindikiza mpaka njia panda. "Mwende salama," akasema. Basi. Hakuongeza neno. Kwetu watu hawakwambii hapana usoni. Wakikutaka, watakwambia urudi. Wasipokutaka, watakuombea njia njema.

Ndani ya gari Abel alishika ile fremu mapajani kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Wazee washamba," akasema. "Hawajui hata Uingereza iko wapi."

"Na wewe hujui mama yako yuko wapi," nikamjibu.

Akaigeuza fremu, simba wakatazama chini mpaka Morogoro.

Jioni alikuja kukaa kwenye mkeka wangu. Jesca hakuwa anapokea simu. Akaniuliza, kwa sauti ya alipokuwa mdogo, "Bibi, sisi ni lukolo gani?"

"Sisemi nikiwa Mazimbu. Kesho unipeleke nyumbani."

Nyumbani kwangu ni Tegetero, juu, ambako ukungu huondoka ukipenda wenyewe. Tulipofika nikampa panga na jembe, nikampeleka nyuma ya migomba kwenye makaburi yetu. Hakuwa amefika hapo tangu utotoni. Kwenye kaburi la mama yangu kulikuwa msitu mtupu, na Abel alifyeka mpaka shati likamganda mgongoni. Lakini kaburi la Tekla lilikuwa safi, limefagiwa, mawe yamepangwa.

"Nani anafagia hapa? Ni wewe?"

"Mgongo wangu huu? Ni Shamsia, jirani. Shamba lake liko kule chini. Kila akipita anafagia. Hakuna aliyemtuma, na hana nembo."

Abel akachuchumaa. Akagusa yale mawe, moja baada ya jingine. Nikamwachia nafasi, nikaenda kuchuma majani ya maboga. Niliporudi nilimwonyesha kila kaburi na aliyelala humo, nani alimzaa nani, akarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikosea, akarudia. Jua lilipokuwa linazama alikuwa hakosei tena. Kisha akauliza habari za Lukwele, nami nikampa zile nilizowapa ninyi.

"Mbona hukuniambia siku zote, Bibi?"

"Ulikuwa unaongea, mume wangu."

Wiki iliyofuata nilimpigia Jesca mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mwambie mjomba kuna bibi kizee ana hamu ya kuja kumsalimu." Kusalimia hakukataliwi.

Safari hii Abel alivaa shati jeupe la kawaida. Ile fulana yangu niliikunja ngata, nikabebea mkungu wa ndizi kichwani kutoka barabarani mpaka uani kwa Mzee Ignas. Ilifaa sana. Sijapata ngata laini kama ile.

Mzee Ignas alinipokea mkungu kwa mikono yake mwenyewe. Akaona ile ngata, akaitambua, akageuka upande akakohoa kwa muda mrefu.

Tulipoketi, hakuanza na Amosi wala na Abel. Akanigeukia mimi. "Bibi, safari ile ulikuja ukakaa tu. Leo umekuja kusema?"

"Nimekuja kusikiliza," nikasema. "Mwenye maneno ni huyu."

Abel akasimama. Mikono yake ilikuwa mitupu na haikujua pa kwenda, mpaka akaishika pamoja mbele.

"Shikamoo, mjomba. Mimi ni Abel. Mama yangu ni Tekla, wa Wamwenda. Tekla amezaliwa na bibi huyu, Juliana. Bibi amezaliwa na Mama Sabina, amelala Tegetero nyuma ya migomba, na mimi ndiye niliyefyeka pale, kwa kuchelewa. Mama Sabina amezaliwa na mama aliyevuka mto kutoka upande wa pili, jina lake hatulijui tena. Nimeishia hapo, mjomba. Sijui zaidi."

Mzee Ignas akauliza, "Na yule Heiwadi?"

"Alikuwa mwajiri wa babu yangu. Hakujifunza jina lake. Babu aliitwa Lukwele."

"Wamwenda," Mzee akarudia taratibu. "Sisi huku ni Wabunga. Hamna undugu." Kule nyuma shangazi akapiga kigelegele kifupi, akakikata katikati kwa aibu ya kuwahi. Mzee akanyanyua mkono. "Ngojeni kwanza. Mimi nina hasara. Nguruwe wanamaliza mihogo yangu, na juzi nilidhani nimepata mlinzi mwenye cheti kutoka Uingereza. Sasa nani atawafukuza?"

"Nitakuja mwenyewe, mjomba," Abel akasema. "Nijengee dungu la kulindia tu, na debe."

"Debe lipo."

Hapo kicheko kikatoka kingine kabisa, cha kumwingiza mtu ndani. Jesca alikuwa amesimama mlangoni na sahani za wali, amesahau alikokuwa anazipeleka. Nikamwita aje akae karibu nami, akaja, akaniegemea begani.

Jina Hayward bado liko juu ya mlango wa duka lake Mazimbu, na vyeti vyake vyote vinalo. Liwe. Jina la kupewa na mtu mvivu wa ulimi si dhambi ya aliyepewa, ilimradi asilifanye ukoo. Ile fremu nimeipata mimi. Kioo chake ni kizuri, nafunikia ungo wa dagaa kuku wasidonoe.

Tulipoaga, Mzee Ignas alitusindikiza tena mpaka njia panda. Nilikuwa nasikiliza kwa masikio yote mawili. Mzee akanipa mkono, akaushikilia.

"Sasa, Bibi," akasema, "mtarudi lini?"