Safu ya Uhakika

Ijumaa ile, saa sita na dakika kumi mchana, hakuna mtu kwenye kantini yote ya shule aliyekuwa na raha kama mimi. Orodha yangu ya vyuo ilikuwa kwenye simu, vyuo vinane, nimevipaka rangi kwa mkono wangu: viwili vyekundu vya ndoto, vitatu vya njano vya saizi yangu, vitatu vya kijani vya uhakika. Nilimwonyesha kila aliyekaa karibu, mpaka wawili wakahamisha sinia zao.

"Brielle, tumeona," akasema Camden Levesque mdomo umejaa viazi. "Tuliona jana. Tuliona na juzi."

"Uone tena! Hii ni kazi ya sanaa!"

Ndipo spika ya ukutani ikakohoa. "Brielle Thibodeau, njoo ofisi ya ushauri. Na mkoba."

Kuitwa na mkoba si jambo zuri. Meza nzima ikasema "Uuuuu."

Bi Pomerleau, mshauri wetu wa masomo, ndiye anayetuma matokeo yetu vyuoni. Orodha yake anaitaka kwenye karatasi, na sahihi ya mzazi kwa wino, mwaka huu, dunia hii. Mimi yangu nilishaileta, baba kaisaini bila kuisoma. Na siku hiyo Bi Pomerleau alikuwa anafunga saa nane na nusu kamili, kwa sababu alikuwa amepata kibali cha kuwinda musi, yule kulungu mkubwa mwenye pembe kama masinia. Kibali ni bahati nasibu, na mama wa watu kaomba miaka kumi na tisa. Akirudi, tarehe mosi Novemba imepita, na maombi ya mapema yamefungwa. Na misaada ya ada inaanza kugawiwa kwa walioomba mapema. Baba alishasema zamani: bila msaada, hakuna chuo, kuna kiwanda.

Nikamkuta karatasi yangu iko mbele yake, na koti lake la rangi ya chungwa limetundikwa mlangoni.

"Kaa," akasema. "Wastani wako umeandika ngapi?"

"Nne nukta mbili moja."

"Na Wexcombe, hiki ulichokipaka kijani. Wanaowapokea wana wastani gani?"

"Tatu nukta saba!" Nikacheka kabisa. "Nimewaacha mbali, Bi Pomerleau."

Hakucheka. Akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na mchoro umejaa alama, kila alama ni mwanafunzi wa shule yetu aliyewahi kuomba Wexcombe. Duara la kijani, alipokelewa. Mkasi mwekundu, yaani alama ya X, alikataliwa. Ukienda kulia, alama za mtihani wa taifa zinapanda. Ukienda juu, wastani wa darasani unapanda. Majina hayapo, ni siri. Siri gani sasa, darasa lina watu sitini na wanne! Lile duara la juu kabisa ni Odile Michaud, alikuwa anasoma hata akiwa na viatu vya kuteleza kwenye barafu miguuni.

"Hii ya bluu ni wewe," akasema.

Nukta ya bluu ilikuwa chini. Imezungukwa na mikasi pande zote.

"Mashine imekosea."

"Mashine haijakosea. Nne nukta mbili moja ni pamoja na nyongeza tunayokupa kwa madarasa magumu. Hivi vyuo vinaivua ile nyongeza kwanza, halafu ndiyo vinakuangalia. Ukivuliwa, una tatu nukta tano nne kati ya nne. Na mtihani ulipata elfu moja mia mbili na kumi kati ya elfu moja mia sita. Umelinganisha wastani wako uliovaa koti na wastani wao usio na koti."

Nilihisi masikio yanawaka. "Kwa hiyo vile vya kijani..."

"Ni vya njano, ukiwa na bahati. Vya njano ni vyekundu. Vyekundu..." Akanywa kahawa. "Brielle, safu yako ya uhakika ni tupu. Vyote vinane vinaweza kukuambia hapana."

Nikaangalia tena mchoro. Jirani kabisa na nukta yangu, karibu zigusane, kulikuwa na mkasi mmoja. Niliujua. Huyo ni Remy, kaka yangu. Miaka miwili iliyopita aliomba vyuo saba, akakataliwa na vyote, na nyumbani kwetu jambo hilo linaitwa bahati mbaya. Tangu hapo anabadilisha matairi gereji.

"Niongeze kipi?"

"Unakijua."

Nilikijua. Chuo cha mjini kwetu, pale kando ya mto. Nusu ya shule yetu inaishia pale, ndiyo maana kinaitwa darasa la kumi na tatu, maana shule yetu inaishia la kumi na mbili. Na mimi, jamani, mimi Brielle, mwezi Septemba nilirekodi video nimevaa begi la chekechea, naimba "Mama nipeleke darasa la kumi na tatu." Imetazamwa mara elfu tisa. Mji wenyewe una watu elfu tano!

"Chuo ukikidharau, hata kikikupokea, si cha uhakika," akasema Bi Pomerleau. Akanisukumia karatasi mpya. "Orodha mpya, sahihi mpya. Wino. Saa nane na nusu nawasha gari."

Mama alikuwa kwa memere, bibi yetu, mwendo wa saa tatu. Baba alikuwa kiwandani, kwenye mashine ya karatasi namba nne, na simu zao hufungiwa getini. Nikamwandikia Remy: NJOO SHULE SASA HIVI. Saa saba na dakika tano gari lake la mizigo likaingia, linanuka mpira ulioungua.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Mimi!" Nikapanda, nikamweleza yote kwa pumzi moja huku naandika juu ya goti. Nikafuta, nikahamisha: Wexcombe ikapanda kwenye ndoto, vya njano vikabaki viwili vya kweli, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, nikaandika chuo cha mto. Halafu nikaishika kalamu vizuri. "Sahihi ya baba naijua. Ile T yake ndefu kama nguzo ya simu. Dakika moja tu tumemaliza, unanirudisha darasani."

Remy akaninyang'anya kalamu. Hivi hivi, pap.

"Usifanye hivyo."

"Nani atajua, Remy? Wewe utasema?"

"Mimi nilifanya," akasema. Akawasha gari, akaongeza sauti ya redio. Na Remy mwenyewe ni mtu anayeongea mpaka na matairi.

Getini kiwandani mlinzi akapiga simu ndani. Tukangoja. Saa saba na nusu, mapumziko. Saa saba na thelathini na tano. Nilikuwa naangalia saa ya simu kila sekunde, kana kwamba nikiiangalia sana itaona haya na kurudi nyuma. Saa saba na arobaini baba akatoka, vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni, mkate wa nyama mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza. Kwenye familia yetu hiyo ndiyo salamu.

"Hakuna, baba. Saini hapa tu, haraka, Bi Pomerleau anaenda kuwinda."

Safari hii akasoma! Siku zote hasomi, siku hiyo akasoma, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kikafika chini, kikasimama.

"Hiki hapana."

"Baba!"

"Hawa ndio waliomkataa kaka yako. Watu wa mjini kwetu, nimewatengenezea karatasi za mitihani miaka ishirini na mbili, wakamkataa mwanangu. Nitoe na mtoto wa pili wamkatae? Sisaini."

"Lakini ndicho pekee cha uhakika!"

"Kingekuwa cha uhakika, Remy angekuwa pale."

Saa saba na arobaini na sita. Nikamgeukia Remy. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Hawakunikataa," akasema.

Baba akaacha kutafuna.

"Sikuomba, baba. Karatasi uliyosaini ilikuwa na chuo cha mto chini kabisa, kama nilivyokuambia. Niliichana. Nikaandika nyingine bila hicho, nikaweka sahihi yako. Bi Pomerleau aliniambia wastani wangu nimeupima vibaya, nikamwambia nitarekebisha." Akafuta mikono kwenye suruali. "Sikutaka watu waseme Thibodeau kaenda darasa la kumi na tatu. Nilijua vile vingine vitanichukua."

Mashine ndani zilikuwa zinanguruma, ardhi inatetemeka chini ya soli.

"Miaka miwili," baba akasema taratibu, "nazungukia daraja la juu ili nisipite mbele ya kile chuo. Kwenda na kurudi. Dakika kumi na moja kila siku. Petroli yangu, Remy."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Nilikuwa nakuona unapita mbele ya gereji, ukizunguka."

Nilidhani atampiga. Nilidhani atarudi ndani na karatasi yangu ibaki vile vile. King'ora cha kumaliza mapumziko kikalia. Baba akaiweka karatasi juu ya boneti, akanyoosha mkono kwa kalamu, akachora ile T ndefu kama nguzo. Halafu akaukata mkate wake katikati, nusu akamsukumia Remy kifuani.

"Kula. Jioni tutaongea, na hutapenda," akasema, akaingia ndani bila kugeuka.

Saa saba na hamsini na tisa. Kutoka kiwandani mpaka shuleni ni dakika ishirini kwa daraja la juu, na kwenye daraja la juu, nikaona kwenye simu, lori la magogo limelala upande.

"Daraja la chini," nikasema.

"Najua," akasema Remy.

Hata kule chini foleni ilikuwepo. Saa nane na dakika kumi na tano tulikuwa tumesimama, na tulisimama wapi? Mbele ya chuo cha mto! Remy ametazama mbele tu, mkate haujaguswa, na mimi nikaangalia, maana hakukuwa na kingine cha kuangalia. Majengo ya matofali. Msichana amekaa kwenye ngazi anakula tufaha na kusoma, amevua viatu baridi yote ile. Sijui kwa nini nakumbuka soksi zake.

Tuliingia shuleni saa nane na ishirini na nane. Gari la Bi Pomerleau lilikuwa linaunguruma, nyuma masanduku ya barafu, yeye ndani na koti lake la chungwa. Nilikimbia nikagonga kioo kwa kiganja.

Akashusha kioo. Akaweka karatasi juu ya usukani, akaigusa sahihi kwa kidole, akaangalia kama wino umeingia. Akahesabu safu. Kidole kikafika chini.

"Aprili ikifika," akasema, "na vingine vyote vikasema hapana, na hiki peke yake kikasema ndiyo. Utaenda?"

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Mtu ameipenda ile video.

"Nitaenda."

"Sema bila kuangalia simu."

Nikaitia mfukoni. Nyuma yangu nilisikia mlango wa gari la Remy unafunguka, na hatua zake zinakuja, polepole.

"Nitaenda," nikasema. "Watanicheka sana, na nitaenda."

Bi Pomerleau akazima gari. Akashuka na funguo za ofisi mkononi.

"Dakika tano," akasema. "Musi ameningoja miaka kumi na tisa." Kisha akamwona Remy. "Na wewe ingia. Karatasi tupu za orodha bado ninazo."