Kiondo Kimoja, Wake wa Marais Wawili

Walisuka kiondo kimoja tu kwa sababu waliambiwa wangeletewa mke wa rais mmoja tu. Sasa gari la serikali lilikuwa limesimama mbele ya kanisa, nje kidogo ya Tawa, Ukambani, na walioshuka walikuwa wanawake wawili.

Syombua, mwenyekiti wa kikundi cha wasukaji, aliwahesabu mara mbili. Ukame wa mwaka uliopita, wa 1984, ulikuwa umemaliza ng'ombe na ndengu. Kisima walichochimbiwa na wafadhili kilikuwa na maji lakini hakikuwa na bomba la kuyavuta, na wanawake bado walifukua mchanga wa mto kwa vikombe. Wafadhili walisema waziwazi: wageni wakifurahi, bomba litakuja. Wasipofurahi, vikundi vyenye kiu ni vingi.

DO Muthama, ofisa wa serikali wa tarafa, alimvuta kando. "Sikiza, Mama. Hawa wametoka mkutano wa wanawake Nairobi. Kwao ni Motuvara, kisiwa kidogo huko Pasifiki. Ni kadogo, hata rais na adui yake wanaonana kwa dirisha. Huyu kijana wa nguo ya njano ni Mama Losana, bwana yake ndiye rais saa hii. Yule mzee ni Mama Taverei. Bwana yake alikuwa rais mpaka mwezi wa tano, wakamtoa huko bungeni, akaingia bwana ya huyu."

"Na mbona wamekuja wote?"

"Mzee alialikwa kabla bwana yake hajatolewa. Huyu mwingine naye akakataa kuachwa nyumbani. Tangu Nairobi hawajaongeleshana hata neno. Kiondo apewe Losana, yeye ndiye atakula na wafadhili kesho. Umenisikia?"

Nyuma yao kikundi kilikwisha kutoa hukumu yake. Wanawake wawili, wote wake wa rais, gari moja, na kununiana kule! Hakuna mama wa Ukambani aliyehitaji kuelezwa zaidi. "Ni wake wenza," Mumbua alinong'ona, na neno likapita mstari mzima. Wakaanza kuimba, wakauelekeza wimbo kwa mkubwa, kama walivyofunzwa na mama zao: kitu kikiingia boma lenye wake wawili hupitia nyumba kubwa kwanza, na mke mkubwa ndiye hugawa. Mama Taverei alitabasamu kwa mshangao. Mama Losana alikaza taya.

Syombua aliijua desturi hiyo kuliko wote, maana aliivunja yeye. Mumewe Kilonzo alipookoka, kanisa lilimwambia achague mke mmoja. Akamchagua Syombua, mdogo, akamwacha Ndila, mama wa Muli, aliyemuoa kwanza. Miaka yote tangu hapo unga, sukari, hata kiti cha mbele kanisani, vilikuwa vya Syombua. Ndila alijijengea kibanda ng'ambo ya korongo, akahamia benchi la nyuma, na salamu kati yao zikafa. Lakini kwa kusuka hakuwa na mpinzani. Kiondo hiki ni yeye aliyesokota mkonge wake pajani, ni yeye aliyekisuka kuanzia kitako hadi ukingo. Kazi ya Syombua ilikuwa kukitoa tu mbele za watu na kupigiwa makofi.

Akakiinua. Kilikuwa kizito kwa ndengu na kibuyu cha asali.

"Kwa Losana," DO alisema akiwa ameuma meno.

Syombua akaanza kutembea, na wimbo ukafifia. Mama Losana alikwisha kunyoosha mikono. Mama Taverei aliinamisha kichwa, akawa anakung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye sketi yake. Syombua alikuwa amekiona kitendo kile. Ndila aliikung'uta leso yake hivyo hivyo siku Kilonzo na Syombua walipofunga ndoa kanisani. Aibu ikampanda, ya moto, hadi masikioni. Alijua vizuri kwamba bomba liko upande wa nguo ya njano.

"Ndila," aliita. Sauti ilikwama, akaita tena. "Ndila! Njoo utoe kiondo chako."

Ndila alikuja polepole kutoka nyuma, akachukua kiondo bila kumtazama Syombua, akampita Losana kama anayepita nguzo, akakiweka mikononi mwa Taverei. Losana alirudisha mikono yake kifuani.

"Mmejimaliza," DO alinong'ona.

Mama Taverei alisema jambo kwa Kiingereza, na DO akalitafsiri shingo upande. "Anasema mmekosea. Yeye si kitu tena."

"Mwambie hatujakosea," Ndila alijibu. "Mkubwa hupokea, halafu hugawa. Asipogawa, huo ni ubaya wake."

DO alitafsiri, jasho likimtiririka. Mama Taverei alikitazama kiondo, kisha akamtazama mke wa mtu aliyemwangusha mumewe. Akatoa kibuyu cha asali, akakinyoosha kwake. Losana hakupokea. Alisema kitu kwa lugha ya kwao ambayo hata DO hakuielewa, kikali na kifupi, na mkubwa akamjibu neno moja tu, kwa upole. Ndipo Losana akaweka mikono yote miwili chini ya kibuyu, akakichukua, macho yakamlowa.

Vigelegele vikapaa. Kabla ya kuingia garini Losana alimwonyesha Ndila kwa kidole, akaongea na DO, na DO akamrudia Syombua na uso wa mtu aliyeponea chupuchupu.

"Bomba mtapata, atawaambia wafadhili kesho. Lakini amesema litiwe kufuli, na ufunguo akae nao yule aliyesuka."

Bomba liliwekwa Septemba, la mkono, na kufuli juu yake. Asubuhi ya kwanza Syombua alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, Ndila alifunga kufuli, akaketi kwenye gogo, ufunguo shingoni kwa kamba ya mkonge.

"Mbona unafunga?" Syombua aliuliza. "Maji yamekwisha?"

"Maji yapo."

Syombua alilitazama debe lake, akautazama mchanga wa mto kule bondeni. Moyo ulimgoma. Kisha akainama kidogo, kama mke mdogo anavyomwinamia mkubwa.

"Umeamka aje, Mama Muli?"

Ndila alimwangalia kuanzia leso hadi miguu.

"Nimeamka vizuri," akasema, akaingiza ufunguo. "Na kesho usingoje nikufungie ndipo unisalimie."