Kibanio cha Plastiki

Kiwandani walimwita Mama Vifuniko, na jina hilo alilipenda. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amebuni vyombo vya nyumbani: jagi lisilochuruzika, kikaango chenye mpini wa kukunja, ndoo ambayo hata mwenye mgongo mbovu angeweza kuibeba. Lakini kilichompa jina ni chupa ya chai ya kumimina kwa mkono mmoja. Ukibonyeza, chai inatoka. Ukiachia, kibanio chenye springi ya chuma kinaubana mfuniko mdomoni, hata chupa ikilala ubavu.

Siku moja meneja alimwita, akamwekea mezani kibanio cha plastiki.

"Hiki ni rahisi kutengeneza. Kiingize kwenye mchoro."

Aliomba wiki mbili za kukijaribu. Alikaa karakanani akimimina maji ya moto, akibonyeza na kuachia, akipiga alama kwenye karatasi. Alipofika mara ya mia tisa, kibanio kikaanza kulegea. Akarudi ofisini.

"Moto unakilainisha," alisema. "Kikilegea, mfuniko hauna cha kuushika."

Meneja alicheka kidogo. "Mara mia tisa, nani atahesabu? Mama, tia saini tu, mengine niachie mimi."

Akatia saini. Hakuna aliyemshikia kisu shingoni. Alijiambia kwamba asipotia yeye atatia mwingine, kisha akaenda kula na wenzake, na walipocheka naye akacheka.

Mdogo wake alikuwa mshonaji. Chupa ile aliiweka kando ya cherehani, na kila mteja aliambiwa, "Hiyo kaibuni dada yangu." Ya kwanza ilipochakaa, alinunua nyingine, ya toleo jipya. Dada mtu aliiona siku alipokwenda kupimwa gauni. Akafungua mdomo kusema, akajikuta anauliza kama kitambaa kile hakichuji rangi.

Miezi saba baadaye mpwa wake alipiga simu. "Mama mkubwa, njoo hospitali. Mama kaungua."

Chupa ilikuwa imeanguka, mfuniko ukafyatuka, chai yote ikamwagikia mkono wa kulia. Vidole vilipona vikiwa vimejikunja, havishiki mkasi wala sindano.

"Ni uzembe wangu," mdogo mtu alisema siku aliyofunguliwa bendeji. "Niliigonga na kiwiko. Usije ukajilaumu, dada."

Dada mtu angeweza kunyamaza hapo, na mambo yangeisha.

"Nilijua kibanio chake kinalegea," alisema.

"Tangu lini?"

"Kabla hazijaingia madukani."

"Na ile siku ya gauni?"

"Nilijua."

Mdogo wake aliufunika mkono kwa kanga. "Nenda nyumbani. Nimechoka."

Mama Vifuniko aliacha kazi kiwandani wiki ile ile, akazipeleka karatasi zake za majaribio kwa wakaguzi wa bidhaa. Ofisa alizisoma zote, kisha akamgeuzia mchoro wa kiwanda.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

Chupa ziliondolewa madukani mwaka uliofuata. Meneja alihamishiwa kiwanda kingine, na kwa cheo kikubwa zaidi.

Siku hizi anayekata vitambaa ni mpwa wake. Mama yake hukaa kando akimwelekeza kwa mdomo: hapa punguza, pale acha upindo. Mama Vifuniko akiingia hupewa kiti na kujuliwa hali, kisha wote wawili hunyamaza mpaka aage.