Mtihani wa Tatu Kwenye Ghuba ya Kikombe

Siku ya kwanza Nyanchoka alipoambiwa ashike baa, aliweka mikono nyuma akasema yeye ni Msabato, baa hazijui na hana haja ya kuzijua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini mchangani. Ikabidi Mwalimu Shee, aliyetoka Lamu kuja kufundisha watu kuteleza juu ya maji kwa tiara, amweleze kwamba baa ile ni kijiti tu. Kamba za tiara zimefungwa hapo, na nyingine kwenye mkanda wa kiunoni mwako, isikukimbie. Ukikivuta kifuani, tiara inapata nguvu na kukukokota. Ukikisukuma mbali nawe, inapoa.

"Pombe haimo kabisa," akasema.

"Basi lete," akasema Nyanchoka.

Nianzie hapo hapo, maana kule Magwagwa, kwenye vilima vya chai, hadithi hii imesimuliwa kwa namna nyingi na nusu yake ni uongo. Wapo wanaosema alirogwa. Wapo wanaosema alikuwa akifuata Mhindi. Pumbavu! Mhindi mwenyewe ni Ankit, mtoto wa Prakash mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, na alichofanya ni kufungua shule ya tiara kwenye ghuba ndogo ya Ziwa Victoria, mwendo wa saa moja na nusu ukishuka kutoka Magwagwa. Ghuba hiyo watu huiita Kikombe, kwa kuwa vilima vimeizunguka pande tatu na maji yake hutulia hata ziwa likichafuka. Ankit alihitaji mtu wa kuwapikia wanafunzi siku za Jumapili. Nyanchoka, mchuma chai, mke wa Onyiego, mama wa Valentine, akaenda kupika.

Jumapili ya kwanza tu alimwona kijana mmoja akipita juu ya maji huku tiara nyekundu inamvuta, maji yanaruka nyuma yake. Nyanchoka alisimama na mwiko mkononi hadi ugali ukaungua. Akasema kwa sauti, bila kuulizwa na mtu, "Hiyo nitaiweza."

Na akaiweza. Ilimchukua miezi minane na vikombe visivyohesabika vya maji ya ziwa aliyoyameza, lakini akaiweza. Ndipo Ankit akamwambia kwamba shule inahitaji mwalimu wa pili, mwenyeji, na kazi hiyo ni yake akifaulu mtihani. Mtihani wenyewe haukuwa wa kuandika. Unavuka ghuba hadi mwamba mweupe wa ng'ambo, unauzunguka, unarudi ufukweni. Kuanguka si kosa. Kosa ni boti ya uokoaji kukugusa. Nafasi zilikuwa tatu, na ya nne hakuna.

Hapo sasa lazima mjue jambo moja. Nyanchoka aliacha shule kidato cha pili, na kabla ya kuacha alikuwa hajawahi kufaulu mtihani hata mmoja. Hisabati ilimshinda, Kiingereza kilimshinda, hata ule wa kupika ulimshinda kwa sababu alikataa kuandika jinsi ya kupika badala ya kupika. Alikuwa na miaka thelathini na sita na alitaka, kabla hajazeeka, asikie mtu akimwambia: umepita. Aliutaka mtihani huu kuliko chakula.

Mara ya kwanza akashindwa. Mara ya pili akashindwa.

Mahali pa kushindwa palikuwa pale pale. Katikati ya ghuba, vilima viwili vinaachana kidogo, na kwenye ule mwanya upepo hupenya kwa nguvu bila hodi. Tiara ilipopigwa na upepo huo, iliruka. Mwalimu Shee, aliyekuwa kwenye boti, alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, naye Nyanchoka akasikia, akatii, akavuta baa kifuani kwa nguvu zake zote. Tiara ikamnyanyua juu, ikambwaga, ikamburuta. Boti ikaja, Bosire anayeiendesha akamkamata mgongoni na kumpakia. Mara zote mbili alirudishwa ufukweni amelala kati ya mitungi ya mafuta, na mara zote mbili watu wa kwao walikuwepo kutazama.

Baada ya mara ya pili walikosana yeye na mwalimu wake, mbele ya watu.

"Nilikwambia uachie!" akasema Mwalimu Shee.

"Na mimi nikaacha!"

"Uliacha nini, dada yangu? Uliivuta mpaka ikakugusa kidevu!"

"Mwalimu, ukimwambia mtu acha, si unataka asimame? Na kitu kinachokukimbia utakisimamishaje bila kukivuta? Sisi kwetu ng'ombe akitoroka na kamba, unakita visigino chini, unavuta. Ukilegeza kamba, utamtafuta mpaka Nyamarambe!"

Mwalimu Shee akaketi mchangani. Akavua kofia.

"Sikusema acha," akasema polepole. "Nilisema achia."

"Si ni kitu kimoja?"

"La hasha! Acha ni acha. Achia ni fungua mkono, kitu kiende zake."

Nyanchoka akamtazama. Yaani herufi moja! Herufi moja ya Kiswahili, lugha aliyojifunza kwa viboko darasani na kuitumia sokoni tu, ndiyo iliyomzamisha mara mbili. Alitaka kulia, akacheka; alitaka kucheka, akalia. Mwisho alifanya yote mawili, na Mwalimu Shee akampa kofia yake ajipangusie.

Mkidhani mambo yaliishia hapo, hamuijui mikono ya mtu mwenye hofu. Jumapili mbili nzima mwalimu alimfundisha: a-chi-a, a-chi-a. Ufukweni alielewa vizuri sana. Majini, upepo ukija, kichwa kilielewa lakini mikono ikakaza kama kawaida. Mikono haikusoma Kiswahili.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, shambani Magwagwa, umande bado uko kwenye majani, alipojitazama mikono. Ilikuwa ikichuma yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, huku yeye akiwaza shida zake. Kiganja kilipojaa, mkono ulipaa juu ya bega, ukafunguka, majani yakaangukia kapuni mgongoni. Haukungoja kuambiwa. Mchuma chai hakumbatii majani, kwa sababu yakikaa sana mkononi yanapata joto, yanasawijika, na karani wa kituo cha kupimia chai atayamwaga nje bila huruma. Nyanchoka alikuwa amefungua mikono namna ile mara elfu kwa siku tangu ana miaka kumi na saba.

Akasimama katikati ya mstari. Jirani yake Gesare akamuuliza kama ameumwa na mdudu.

"Kapuni," akasema Nyanchoka.

"Kapuni nini?"

"We chuma tu, Gesare. Kapuni!"

Jumapili iliyofuata alimwambia Mwalimu Shee, "Usiniambie achia tena. Niambie kapuni."

Mwalimu alidhani jua limempata. Lakini mtu wa Lamu ni mtu wa adabu, akakubali. Wakaingia maji ya kina cha kiuno, tiara juu, na upepo ulipozidi akaita, "Kapuni!" Mikono ya Nyanchoka ikapaa na kufunguka yote miwili. Baa ikaenda juu, tiara ikalegea, ikaelea angani kwa utulivu, imepoa kabisa. Wakatazamana.

"Mashallah," akasema mwalimu. "Hebu tena."

Walirudia mpaka sauti ikamkauka.

Basi siku ya mtihani wa tatu ikafika. Onyiego alikuja, na nusu ya kanisa lao ikaja naye, wengine kumwombea na wengine, tuseme ukweli, kutazama kichekesho. Onyiego alikuwa amebeba mfuko.

"Mama Valentine, nimekuletea nguo kavu. Si eti nakuombea mabaya. Lakini hiyo maji na wewe mmeshazoeana."

"Baba Valentine, kaa nazo. Ukitetemeka sana kwa woga, vaa wewe."

Watu wakaangua kicheko, naye Onyiego akacheka pia, ila alikuwa ameushika ule mfuko kwa mikono miwili.

Ankit akasoma masharti. Boti itafuata kwa mbali. Leo hakuna kuelekezwa. Mwalimu akitamka neno lolote, mtihani umeharibika. Mwalimu Shee alimsogelea mwanafunzi wake akiwa bado na ruhusa ya kusema. "Maji ukiyavulia nguo," akamwambia, "huna budi kuyaoga." Kisha akapanda botini, akafunga mdomo.

Nyanchoka alikaa majini, akavaa ubao miguuni, akaishusha tiara upande wa kushoto. Ubao ukapanda juu ya maji, naye akasimama juu yake, akaondoka. Kwenda kulikuwa kwema. Mwanya wa vilima ulikuwa umelala. Mwamba ulikuja mbele yake, umepakwa weupe na vinyesi vya ndege, akauzunguka kwa karibu hadi ndege wakaruka wakimtukana. Akageuza tiara. Akaanza kurudi.

Akauona upepo ukija. Kati ya vile vilima viwili maji yalibadilika rangi, yakawa meusi, na ule weusi ukakimbia kuelekea kwake. Baridi ilimpiga usoni kwanza. Jamani, aliogopa! Asije mtu akawaambia kwamba shujaa haogopi. Akamkumbuka Valentine, na mikono, ile mikono yake kaidi, ikakaza. Tiara ikanguruma. Ubao ukaachana na maji. Chini yake akaona kivuli chake kikiwa kidogo, na nyuma akasikia injini ya boti ikikazwa.

Botini Mwalimu Shee alikuwa ameuma kofia yake kwa meno ili asiseme neno.

Hakuna wa kumwitia. Basi akajiitia mwenyewe, kwa sauti ambayo ilisikika ufukweni na ambayo watu wa kanisa hawakuielewa hata kidogo.

"KAPUNI!"

Mikono ikapaa. Ikafunguka. Nguvu zote za tiara zikamwagika, naye akashuka, si kwa kubwagwa, kwa kukaa tu, pwa, majini, ubao ungali miguuni. Tiara ilikuwa juu yake imetulia.

Boti ikafika. Bosire alijua kazi yake, akainama, akanyoosha mkono kumkamata mgongoni kama siku zile nyingine. Vidole vilibaki shubiri moja.

"Usiniguse!" Nyanchoka akafoka. "Bosire, ukinigusa nakwambia tutakosana mpaka kaburini!"

Bosire akaganda. Kwa hakika, ni Mwalimu Shee aliyemdaka kifundo cha mkono, bado kimya, bado na kofia mdomoni. Boti ikarudi nyuma. Ufukweni Onyiego hakuona hayo; aliona boti imemfikia mkewe, akakaa chini mchangani, akafunika uso kwa ule mfuko.

Nyanchoka alingoja. Upepo ulipita juu yake na kwenda zake. Akaishika baa tena, safari hii kwa ncha za vidole, namna anavyoshika chipukizi. Akaishusha tiara. Ubao ukapanda. Upepo wa pili ulipokuja ulimkuta amesimama. Akafungua kidogo, akarudisha. Wa tatu ukaja, akafungua, akarudisha. Ule mwanya uliomzika mara mbili ukawa sasa unamsukuma nyumbani kwa kasi ambayo hajawahi kwenda, maji yakichanika chini ya miguu yake, kilemba kikimfunguka na kupotea ziwani, naye akipiga kelele za furaha zisizo na lugha. Aliifurahia nguvu ile. Alijua sasa ni yake, na anaweza kuitoa na kuichukua apendavyo.

Hakusimama penye kina kifupi. Aliingia na ubao mpaka mchangani, watu wakatawanyika wakikanyagana, na akasimama kwa miguu yake miwili mbele ya mume wake aliyekuwa bado amefunika uso.

Ankit alikuwa na karatasi mkononi. Alitazama boti, akamtazama Mwalimu Shee, ambaye alitoa kofia mdomoni na kutikisa kichwa: hakuguswa. Ankit akakohoa.

"Umepita," akasema. Kisha, kana kwamba amejisahau, akarekebisha. "Umepita, Mwalimu Nyanchoka."

 Watu wa Magwagwa walikuwa wamesimama midomo wazi. Onyiego alikuwa ameshusha mfuko na macho yake yalikuwa mekundu. Gesare, aliyekuja pamoja nao, alikuwa bado ameshika kifua. Nyanchoka akangoja. Harusini hupigwa kigelegele, mtoto akizaliwa hupigwa kigelegele, hata ng'ombe akinunuliwa wapo wanaopiga. Akawatazama akina mama mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa na pumzi.

Basi akatupa kichwa nyuma, akiwa na maji puani na tiara ingali angani, akajipigia mwenyewe.