Farasi Aliyechomolewa

Umewahi kumwona mtu asiye na macho akirusha ngumi na isikose? Mimi nimemwona, hapa hapa Minya, kwenye ukumbi wa chama cha wasioona, nikiwa nimeshika sinia la chai.

Fainali ya sataranji ilikuwa kati ya Atwa na Wagdi, watoto wa dada zangu wawili. Macho yao yaliondoka siku moja, kule machimbo ya mawe. Baruti ililipuka kabla filimbi ya kuonya watu haijalia. Bishri, kaka yake Atwa, ilimrarua tukamwokota kwa beseni. Wagdi akaapa kuwa Bishri ndiye aliyewasha utambi. Miaka kumi na miwili watu wanamlaani marehemu, na Atwa anangoja kusikia ukweli.

Kila mmoja alikuwa na ubao wake, una matundu ya kuchomekea kete. Kete nyeusi zina vijisumari kichwani ili vidole vizitambue. Wanapapasa, wanataja kwa sauti. Na ukishachomoa kete tunduni, lazima uicheze hiyo hiyo.

"Unatoka jasho, binamu, nalinusa," Wagdi alimchokoza.

"Cheza, acha mdomo."

Tik. Nikamwona Wagdi anachomoa farasi, anasita, anamrudisha. Tik.

"Ngome mbele," akasema.

"Umechomoa kete nyingine ukairudisha," Atwa akasema taratibu.

"Mimi? Hizo ni bilauri za Hajja zinagongana."

Bilauri zangu zilikuwa zimetulia. Kabla sijafungua kinywa, Atwa alikwisha simama.

"Jana ulimsingizia Bishri, leo Hajja!"

Akamshindilia ubao usoni. Vile vijisumari vikamchana shavu mpaka mfupa ukaonekana. Wagdi akamrukia, akamng'ata sikio. Wakaanguka na meza. Mwamuzi alimvuta Atwa, akabaki na kola mkononi. Ngumi ikafuata ngumi, kila moja palepale sauti ilipotoka. Jino likadondokea siniani kwangu, kwenye sukari.

"Wagdi, mwanangu," nikasema, "nimekuona. Ulichomoa farasi."

Ngumi ya Atwa ikasimama hewani. Wagdi alitema damu, akapapasa mpaka akaupata mkono wa binamu yake.

"Nilimchomoa," akasema. "Na utambi niliwasha mimi, Atwa. Filimbi haikuwa imelia. Nimetaka kukwambia tangu tulipolazwa hospitali."