Kiganja Kwenye Springi

Gari la mwalimu lilikuwa linavuma kila likishika kasi. Mafundi wawili walishatega masikio, wakabadilisha beringi ya gurudumu la mbele kulia, na mvumo ukabaki palepale. Mwalimu akaniletea mimi, gereji kwangu.

"Binti yangu ataliangalia," nikamwambia.

"Huyu kiziwi?"

Nikameza tusi.

Binti akapiga jeki, akazungusha gurudumu la kulia huku ameshika springi kwa kiganja, akitafuta mtetemo. Akatikisa kichwa. Akahamia la kushoto, akazungusha, akanikonyeza. Alipoitoa beringi, gololi zake zilikuwa zimelika vibaya. Akafunga mpya.

Mwalimu akalijaribu gari barabarani, akarudi ameduwaa. Halivumi tena.

"Amesikiaje?"

"Hakusikia chochote, mwalimu. Waliosikia ni wale wawili."